UZI: Bibi wa chumba namba 9 anatafuta sanduku lake (Waingereza wa zamani na wiki yao ya Blackpool)

MwanaPangani:

Salaam wakuu. Humu nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi, leo nami nimeleta changu. Ni kirefu, na naandika nikiwa shifti ya usiku, kwa hiyo kengele ikilia nitawaacha hapo hapo.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Kwa sasa niko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yenyewe wengi mnaijua, maana nusu yenu mna ndugu anayeifanya: kuamsha, kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka, kisha kuandika kwenye faili kwamba umeamsha, umeogesha, umelisha. Usichoandikiwa popote ni kusikiliza, na ndicho kinachokula saa nyingi.

Chumba namba 9 yuko bibi mmoja wa miaka themanini na nane. Kumbukumbu imemtoka. Muulize amekula nini asubuhi, hajui. Jina langu ananiuliza kila siku, kisha ananiita "mpenzi" kama wanavyoitana wote huku, hata na dereva wa basi. Lakini ukikaribia mwezi wa saba anaanza: "Sanduku langu liko wapi? Treni itatuacha." Mwaka wa kwanza nilidhani anataka kutoroka, nikaandika ripoti kabisa. Binti yake alipokuja akacheka hadi machozi. Akasema, mama hatoroki, mama anaenda Blackpool, yaani mji wa pwani wa huku ambako watu walikwenda likizo.

Nikaanza kuuliza. Na kwa kuwa ya zamani anayo yote, mpaka rangi ya pazia, nimekaa naye misimu mitatu sasa nikisimuliwa safari ileile, na kila mara naokota kitu kipya.

Bibi huyu alizaliwa 1937 kwenye mji wa viwanda vya pamba. Mama yake alikuwa kiwandani, shangazi zake wote kiwandani, yeye mwenyewe akaingia akiwa na miaka 15. Kazi: kusokota uzi. (Ndiyo, uzi. Mmeshaanza kucheka.) Kelele za mashine zilikuwa kubwa kiasi kwamba wanawake walizungumza kwa kusomana midomo. Hadi leo nikiwa mbali upande wa pili wa ukumbi, ananisoma midomo. Usimsengenye bibi huyu.

Sasa, miji ile ya pamba ilikuwa na desturi ya zamani: kila mji una wiki yake ya kufunga kazi. Oldham wiki yao, Bolton yao, Blackburn yao, kuanzia Juni mpaka Septemba, hawagongani. Wiki hiyo boila zinazimwa, mafundi wanaingia kusafisha na kukarabati, na mji mzima unaondoka. Si kijisemo. Duka la mkate linafungwa, kinyozi anafunga, moshi haupo, na bibi anasema ndiyo ilikuwa wiki pekee ambayo ungeona vilima kutoka mlangoni kwako, isipokuwa wa kuviona hakuwepo.

Zamani wiki hiyo ilikuwa haina mshahara. Sheria ya likizo zenye malipo ilipitishwa 1938, halafu vita vikaingia mwaka uliofuata, fukwe nyingi zikafungwa kwa seng'enge na baadhi zikategwa mabomu. Kwa hiyo likizo yenyewe wakaja kuifaidi baada ya 1945. Na bado watu waliweka akiba mwaka mzima: kiwandani au mtaani kulikuwa na chama, kila Ijumaa unatoa kidogo, karani anaandika, karibu na wiki ya safari mnagawana. Nilipomweleza binti yake kuwa kwetu hiyo tunaiita kikoba, akaomba nimwandikie neno hilo kwenye karatasi.

Kengele. Narudi.

Kabwela_wa_Ilala:

Nimekaa siti ya mbele. Ila dada kabla hujaendelea, hao walikuwa wanaenda baharini kufanya nini kama hawavui? Na baridi ile?

MwanaPangani:

Hilo ndilo swali nililokuwa nalo hata mimi. Pangani mtu akikuambia anaenda baharini unamuuliza chombo gani, humuulizi hoteli gani. Baba yangu alikuwa mvuvi, siku ya kupumzika aliipa bahari mgongo.

Nimejibiwa hivi: walikwenda kukaa.

Jumamosi asubuhi, stesheni imejaa, mtaa mzima uko kwenye treni moja. Jirani wa kushoto yumo, jirani wa kulia yumo, msimamizi wa kiwandani yumo na kofia yake. Nchi inayokaribia Blackpool ni tambarare, na mnara wa Blackpool una mita 158, umesimama pale tangu 1894. Watoto wote wanabanana kwenye dirisha la behewa, maana wa kwanza kuuona mnara anapewa sumni. Yaani peni sita, nusu shilingi yao. (Kwa vijana: shilingi yao ilikuwa peni 12, na 20 zinafanya pauni. Shilingi ya Afrika Mashariki enzi hizo ilipangwa sawa na yao, ila yetu tuliigawa senti 100. Kwa hiyo sumni yao na sumni ya babu yako zilikuwa thamani moja.) Bibi anadai alishinda miaka minne mfululizo. Kaka yake, sasa marehemu, alidai alikuwa anadanganya: anapiga kelele kabla hajaona, anabahatisha.

Mkishuka, vijana wa pale wanagombea masanduku yenu na vimkokoteni vyao, mnakwenda kwa mama mwenye nyumba.

Huyu mama mwenye nyumba anahitaji uzi wake peke yake. Ni mjane au mke wa mtu, ana nyumba ndefu nyembamba ya ghorofa tatu mtaa wa nyuma, kila chumba kina familia. Masharti yako ukutani. Mkishakunywa chai asubuhi mnatoka, na hamrudi mpaka saa ya chakula. Mvua inyeshe, mawe yanyeshe, hamrudi. Kuoga kwenye beseni kubwa ni malipo ya ziada. Wengine walitoza hata kichupa cha chumvi na siki kilichowekwa mezani! Nilidhani bibi ananitania, nikamuuliza mzee wa chumba namba 4, naye akakasirika papo hapo kama vile alitozwa jana.

Na mpaka 1954 kulikuwa na mgao wa chakula, kwa hiyo wageni walikuja na vitabu vyao vya mgao wakamkabidhi mama mwenye nyumba. Jioni ya mwisho bibi mzaa mama yake alikuwa anahesabu kimoyomoyo vipande vya nyama vya wiki nzima, akilinganisha na kuponi.

Cha ajabu, Jumamosi ya kuondoka, pamoja na manung'uniko yote, walilipa arubuni ya mwaka ujao: nyumba ileile, wiki ileile, chumba kilekile.

Kabwela_wa_Ilala:

Kutozwa chumvi 😂😂 Hapo ningerudi kwetu kwa miguu.

Mpambalume:

Mkuu, hapo kwenye pamba umenigusa. Mimi ni mtu wa Usukumani, babu alilima pamba hadi mgongo ukapinda. Hatukuwahi kujua ikitoka ginari inakwenda kuwa nini. Kumbe labda kuna bibi alikuwa anaisokota apate kwenda kulipia chumvi.

MwanaPangani:

@Mpambalume siwezi kukuhakikishia gunia la babu yako liliishia wapi, pamba iliyoingia Lancashire ilitoka pande nyingi, Marekani na Misri zaidi. Lakini wenye viwanda wa huku ndio waliounda chama chao mwaka 1902 cha kusukuma kilimo cha pamba kwenye makoloni, Uganda ikiwa mojawapo. Kwa hiyo undugu upo, wa mbali.

Niendelee na kule ufukweni.

Kiti cha turubai lenye mistari unakodi. Anapita mtu na mkoba wa ngozi, anakukatia tiketi. Kukifungua kiti chenyewe ni vita. Kila familia ina mjomba aliyebanwa vidole. Baba amevaa suti. Narudia: suti, na tai, kwenye mchanga, maana ndiyo nguo yake nzuri na hapa yuko mbele za watu. Akizidiwa na joto anakunja suruali hadi chini ya magoti, anafunga mafundo manne kwenye pembe za leso na kuivaa kichwani. Hiyo ndiyo kofia.

Kuna vibanda vinavyouza chai kwenye birika kubwa, unaweka rehani ya birika na vikombe, unabeba sinia lote mpaka mchangani, ukirudisha unapewa hela yako. Kuna kombe na konokono wa baharini kwenye visahani, siki na pilipili manga juu. Mikate iliyoingia mchanga. Bibi anasema mpaka leo mkate usio na mchanga anauona una upungufu. Kuna vikaragosi vya mkononi, mume na mke wanapigana kwa rungu, watoto wanashangilia (sikuelewa, nimeambiwa nisijisumbue kuelewa). Na kuna punda wa kupanda watoto. Punda wa Blackpool wana siku yao ya mapumziko, Ijumaa, kwa kanuni za mji. Watu wa Lamu msiwasomee punda wenu ujumbe huu.

Mavazi ya kuogelea yalifumwa kwa sufu. Mama yake alifuma mwenyewe. Ukiingia majini linakunywa maji, likinywa maji linanyooka, likinyooka linakufika magotini. Bibi akifika hapa husimama na kuonyesha, ananing'iniza mikono mpaka chini, nami inabidi nimshike asianguke.

Na bahari yenyewe? Maji yao yakipwa yanakwenda zake. Bamvua ya pande hizi maji hupanda na kushuka zaidi ya mita nane. Ya kwetu hayafiki tano. Kwa hiyo unaweza kukodi kiti saa nne asubuhi mbele ya bahari, saa nane unatazama uwanda wa mchanga na mstari wa kijivu kule mwisho. Niliposimama pale mara ya kwanza nilishangaa nikatafuta wanawake wa kuokota chaza na pweza. Hakuna. Mchanga wote ule, maji yote yale yamepwa, na watu wanatazama tu.

Mvua ikinyesha, wale waliofukuzwa na mama mwenye nyumba wanajibanza kwenye vibanda vya barabara ya pwani, au wanaingia kwenye jengo la chini ya mnara. Humo kuna ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa, alikipiga mtu mmoja, Reginald Dixon, tangu 1930 hadi 1970. Fikiria, miaka arobaini, ukumbi mmoja. Na katikati ya miguu minne ya mnara kuna sarakasi; mwishoni mwa onyesho sakafu inazama na uwanja unajaa maji. Bibi alikuwa mtoto wa mgao, taa zilizimwa vita nzima, halafu 1949 Blackpool wakawasha tena taa zao za mapambo barabarani, maili kwa maili. Alikuwa na miaka 12. Neno analotumia ni kwamba "zilimuumiza macho", na analisema kwa raha.

Halafu ile pipi. Fimbo ya sukari, nyekundu nje, nyeupe ndani, na jina BLACKPOOL limepita katikati kutoka mwanzo hadi mwisho. Ivunje popote, jina lipo. Wanatengeneza herufi nene kama matofali ya sukari, wanazipanga kuwa gogo zito likiwa bado moto, kisha wanalivuta na kulivuta mpaka linakuwa jembamba kama kidole. Peremende zilikuwa kwenye mgao mpaka Februari 1953, kwa hiyo utoto wake wote fimbo moja ilikuwa ya watu wanne. Mama yake aliifunga kwenye kitambaa, akaigonga kwa chuma cha kuchochea moto, akagawa. Kaka alikuwa anadai kipande chenye herufi nzima.

Mstaafu_wa_Makupa:

Bi dada, nakusoma kwa raha, hongera. Lakini pana jambo umelirukia. Miaka hiyohiyo unayoisifu, kijana mweusi akibisha mlango wa huyo mama mwenye nyumba angelazwa? Ami yangu alikwenda huko kusoma, hakuwa na hadithi za pipi.

MwanaPangani:

Shikamoo mzee. Sijaliruka, nilikuwa naliogopa.

Kuna mzee mmoja wa Kizanzibari, namfahamu, alikuja kusoma mwanzoni mwa miaka ya 60. Yeye na mwenzake walikwenda mji mmoja wa pwani wikiendi moja ya kiangazi kuona hiyo bahari inayosifiwa. Dirishani kuna kibao: nafasi zipo. Wakabisha. Mama akafungua, akatazama, akasema zimejaa, akafunga. Wakasimama hapo nje wakiamua waende wapi, na pazia likafunuka, mkono ukaingia ukageuza kile kibao. Nyumba ya pili hivyohivyo. Usiku wakalala stesheni wamekaa. Anasema kilichomuudhi zaidi si kukataliwa, ni kwamba yule mama alisema "samahani sana mpenzi".

Sheria haikuwasaidia. Learie Constantine, mcheza kriketi mashuhuri wa Trinidad, alikataliwa na hoteli ya London 1943 akaishtaki akashinda mwaka uliofuata, lakini huyo alikuwa Constantine. Sheria ya kwanza ya ubaguzi wa rangi ilikuja 1965, ikagusa mahoteli na kumbi, ila hizi nyumba ndogo za kulaza wageni ikaziacha nje. Mpaka ya 1968 ndiyo ikapanua.

Nilimuuliza bibi, kwa kuzunguka, kama kulikuwa na watu kama mimi pale kwa mama mwenye nyumba. Akafikiri sana. Akasema: "Hapana mpenzi. Ilikuwa ya mtaa wetu tu." Sikuongeza neno. Nilikuwa nakata kucha zake.

Mstaafu_wa_Makupa:

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Endelea.

Chuga_boy:

Mimi nilisikia kuna kambi walikuwa wanafungiwa humo wanaimbishwa kama shule. Kweli?

MwanaPangani:

Hizo ni za Billy Butlin. Na huyu jamaa alizaliwa Cape Town mwaka 1899, Mwafrika mwenzetu kwa makaratasi. Aliwahi kushuhudia wageni wamefukuzwa na wenye nyumba wanazurura mvuani, akaona biashara hapo. 1936 akafungua kambi Skegness, pwani ya mashariki: vibanda vya kulala, chakula mara tatu, michezo yote ndani, na tangazo kwamba likizo ya wiki ni kwa mshahara wa wiki. Vita vilipokuja jeshi la majini likaichukua, baada ya vita akarudi na kambi nyingine kadhaa.

Vijana wa kazi walivaa makoti mekundu, kazi yao kuhakikisha hukai peke yako. Vipaza sauti vinakuamsha. Kuna mashindano ya nani ana magoti mabaya zaidi, na bibi gani anapendeza zaidi. Mzee wa chumba namba 4 alishinda ya magoti, ana cheti. Bibi wa 9 hazipendi kabisa kambi hizo. Anasema ungeweza kukaa wiki nzima usikutane na mtu wa mtaani kwenu, sasa hiyo likizo gani?

Nakupenda_Bukoba:

Na zile kadi za posta zenye michoro ya matusi? Niliziona makumbusho.

MwanaPangani:

Donald McGill ndiye bingwa wao. Wanawake wanene, waume wembamba, maneno yenye maana mbili kama mafumbo ya khanga. 1954 walimpeleka mahakamani Lincoln kwa uchafu, akapigwa faini. Babu wa miaka karibu themanini! Bibi anayo moja kwenye droo, chini ya Biblia. Siwezi kuitafsiri humu, moderata atanila.

Chuga_boy:

Sasa iliishaje yote hiyo?

MwanaPangani:

Kila mtu huku ana jibu lake: ndege za bei nafuu za Hispania, magari, reli ndogondogo za pwani kufungwa baada ya ripoti ya 1963 ya Beeching, bosi wa shirika la reli. Yote kweli. Bibi hutaja kiwanda. 1959 serikali ilitunga sheria ya kuwalipa wenye viwanda wavunje mashine za zamani, chake kikafungwa miaka michache baadaye. Wengine wakaenda kiwanda cha viatu, wengine maofisini, kila mmoja na likizo yake, wiki yake. Alikwenda Blackpool na mumewe na watoto mara kadhaa baada ya hapo. Anasema mji ulijaa watu, lakini ulipita barabara nzima ya pwani bila kusalimiwa.

Sasa nimalizie kwa kilichonifanya nifungue uzi huu.

Wiki iliyopita nyumba yetu ilikodi basi dogo, tukawapeleka wazee sita. Usiku wa kuamkia siku hiyo bibi alinitaka sanduku, na kwa mara ya kwanza nikamletea. Tukapanga: sweta, taulo, pea mbili za soksi, kitabu cha mgao. Kitabu cha mgao hatuna, nikaweka daftari langu la shifti. Akaridhika.

Njiani alilala. Mzee wa 4 analalamika kiti, dereva kaweka redio, mimi nahesabu dawa za saa sita. Nje mvua ya manyunyu na nchi ile bapa, ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Ghafla bibi akapiga kelele, "Huo!" Mzee wa 4 akamwaga chai. Nikatazama mbele sikuona kitu ila wingu. Nikamwambia hamna bibi, bado. Akanyoosha kidole kwenye kioo, hakukishusha. Tumekwenda hivyo kama dakika moja, kidole kiko pale pale kimeganda kwenye ukungu wa kioo, ndipo kikatokea kijiti chembamba cha kijivu, juu kidogo ya kucha yake.

Akanigeuzia kiganja.

Sumni zilishaondolewa kwenye mzunguko tangu 1980. Nikachakura pochi nikapata peni tano, ndiyo ndogo ya fedha inayokaribiana nayo. Akaigeuza upande wa pili, akaisogeza karibu na jicho, akaitia ndani ya mkono wa sweta. Kisha akamtazama mzee wa 4 akamwambia, "Mara ya tano."

Kabwela_wa_Ilala:

Dada alibahatisha au aliona?

MwanaPangani:

Kaka yake angekujibu. Kengele hiyo, chumba namba 9.